Iowa au Massachusetts: uende shamba lipi la karne ya 19 na kamera yako?

Mlangoni mwa nyumba ya magogo, mwanamke mwenye gauni refu na kofia ya kitambaa alikuwa amekaa na kikapu cha mahindi makavu. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kunitembelea kutoka Mbozi, aliinama akachukua hindi moja. Aling'oa mstari wa kwanza kwa kidole gumba, kisha akaokota gunzi tupu akaanza kusugulia, kama alivyokuwa akifanya jikoni kwetu miaka yote. Punje zikawa zinamwagika kikapuni. Yule mwanamke akasogea kwenye benchi ili Mama apate pa kukaa. Hawakuwa na lugha ya pamoja, wala hawakuihitaji. Nilipiga picha sita, na ile ya vidole vya Mama ndiyo iliyo ukutani kwangu hadi leo.

Hapo palikuwa Living History Farms, mji wa Urbandale, ubavuni mwa Des Moines, jimbo la Iowa. Tangu siku hiyo, kila nikiwaonyesha watu ile picha, wale wanaopenda kamera huniuliza: kwa mtu mwenye likizo moja na pesa ya safari moja, aende Iowa, au aende Old Sturbridge Village kule Massachusetts? Nimefika kote kuwili, zaidi ya mara moja. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba Iowa inakupa kazi ya shamba jinsi ilivyobadilika kizazi hadi kizazi, na Sturbridge inakupa kijiji kimoja cha wakati mmoja, kwa kina. Kwa hiyo kabla ya kutazama bei ya tiketi, jiulize unataka kurudi na picha za namna gani.

Kwa ambaye hajawahi kufika mahali pa namna hii: kama umeshatembea Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, umeziona nyumba za asili za makabila zikiwa zimesimama pamoja. Sasa zijaze watu. Mmoja analima kwa maksai, mwingine anasukasuka maziwa mpaka siagi itoke, mwingine anavuta mivukuto kwa mhunzi, na wote ni wahudumu wa makumbusho waliovaa kama watu wa enzi hiyo. Makumbusho za wazi za aina hii zina baba yao, nayo ni Skansen ya Stockholm, iliyofunguliwa mwaka 1891 na Artur Hazelius baada ya kuona viwanda vinaifuta Sweden ya vijijini mbele ya macho yake. Wamarekani waliichukua fikra hiyo wakaifanya yao.

Miaka mingi au mwaka mmoja

Living History Farms ilianza mwaka 1970, kwa juhudi za William Murray, profesa wa uchumi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa. Eneo lake ni kama ekari 500. Ndani yake mna mashamba matatu yaliyoachana kwa wakati: shamba la Waayowa, wenyeji wa asili wa eneo hilo, la mwaka 1700, shamba la walowezi la mwaka 1850, na shamba la farasi la mwaka 1900. Halafu upo mji mdogo wa mwaka 1875 uitwao Walnut Hill, wenye mhunzi, duka, shule, mtengeneza kofia na mchapishaji. Mashambani unapelekwa na tela linalovutwa na trekta, au unakwenda kwa miguu kupitia njia za porini.

Mpiga picha anachopata hapo ni zao moja, mahindi, katika mikono mitatu. Kwenye shamba la 1700 unaona jembe la mfupa wa bega la baisani, yule nyati wa Marekani, likiwa limefungwa kwenye mpini. Bustani ina mahindi, maharage na maboga yaliyochanganywa, kilimo ambacho bibi yeyote wa kwetu angekitambua bila kuelezwa. Shamba la 1850 lina maksai, nira na plau, na uzio wa mbao zilizopasuliwa kwa shoka zikapangwa zigizaga bila msumari. Kufika 1900 maksai wameondoka. Wapo farasi wakubwa wa kukokota, mashine ya kupandia, na jiko la chuma mahali pa meko. Piga picha moja ya mikono katika kila shamba, ukae umbali uleule, utumie lenzi ileile. Ukizipanga tatu hizo pamoja, hazihitaji maelezo marefu chini yake. Sijaona mahali pengine ambapo mfululizo wa namna hiyo unapatikana kwa siku moja.

Na usiliruke shamba la Waayowa kwa sababu eti umekuja kutafuta karne ya 19. Jina la jimbo la Iowa limetoka kwao. Walowezi wa 1850 walipata ardhi ile kwa sababu mikataba ya miaka ya 1820 na 1830 ilikuwa imeshawaondoa wenyewe kuvuka mto Missouri. Nyumba yao ya magome ya miti na nyumba ya magogo ya mlowezi zinatenganishwa na mwendo wa dakika chache tu. Mtu wa kutoka kwetu, ambako habari ya mashamba ya walowezi bado ina wazee wa kuisimulia, ataitembea njia ile akiwa kimya.

Old Sturbridge Village ni jambo jingine kabisa. Ilifunguliwa mwaka 1946 na familia ya Wells, waliokuwa wenye kiwanda cha miwani katika mji wa jirani wa Southbridge, na ambao walikuwa wamekusanya vyombo vya kale mpaka nyumba ikajaa. Inaonyesha vijiji vya New England, yale majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kati ya miaka ya 1790 na 1830. Ina majengo zaidi ya 40 kwenye eneo la zaidi ya ekari 200, na mengi ni majengo halisi yaliyobomolewa yalikokuwa, yakasafirishwa na kujengwa upya hapo. Kuna jengo jeupe la ibada na mikutano la mwaka 1832 mbele ya uwanja wa kijiji, duka la Asa Knight lililotoka Vermont, nyumba na shamba la familia ya Freeman, mfinyanzi, mfua bati, mhunzi, na daraja lenye paa. Kuna pia mashine zinazoendeshwa na maji: ya kupasua mbao, ya kusaga nafaka, na ya kuchambulia sufu. Ukiingia hapo huhami wakati. Asubuhi hadi jioni unabaki mwaka mmoja, na kwa sababu hiyo unaanza kuona jinsi watu wa kijiji walivyotegemeana: mkulima anapeleka sufu mtoni, fundi anahitaji kuni za mkulima, na wote wana deni kwenye daftari la duka.

Kamera yenyewe ilikuwa wapi?

Hili nililigundua nikiwa nimekaa kwenye ngazi za duka pale Sturbridge, na limebadilisha jinsi ninavyopiga picha sehemu zote mbili. Njia ya kwanza ya kupiga picha iliyotolewa hadharani, ile ya Mfaransa Daguerre, ilitangazwa Paris mwaka 1839, na ikavuka bahari kuingia Marekani mwaka huohuo. Kijiji cha Sturbridge kinaishia miaka ya 1830. Maana yake, mkulima unayemwona pale hakuwahi kupigwa picha katika maisha hayo unayoyatazama. Tunachojua juu ya sura yao kimetoka kwenye michoro, barua, hesabu za duka na nguo zilizobaki kwenye masanduku.

Iowa ni kinyume. Mlowezi wa 1850 aliweza kukaa mbele ya kamera ya Daguerre mjini, asitikisike kwa sekunde kadhaa, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya nyuso ngumu za kwenye picha zile. Mji wa 1875 ni wakati wa picha za bati na vioo vilivyopakwa dawa. Na Februari 1900 Kodak walitoa kamera ya Brownie kwa dola moja, kwa hiyo mtoto wa shamba la 1900 angeweza kumpiga picha farasi wake mwenyewe.

Ukiwa Iowa, basi, unaweza kupiga picha zinazofanana na za wakati wenyewe: mtu amesimama wima mbele ya nyumba, anakutazama, zana yake mkononi. Wapo wahudumu wanaoufahamu mkao huo, na wanakuwa tayari ukiwaomba. Ukiwa Sturbridge mkao huo utakuwa uongo. Pale ninatafuta picha kama ile ambayo mchoraji angeichora: dirisha, meza, mtu ameinamia kazi yake, hajui kama anatazamwa wala kwa nini. Na popote uendapo, liache lile rangi la kahawia linalowekwa na programu za simu. Sufu iliyotiwa nili ni ya buluu kwelikweli, matofali ni mekundu, majani ni mabichi. Watu wale waliishi katika rangi.

Mwanga

Nyumba ya magogo ya 1850 ina giza. Dirisha ni dogo, kuta zimekula moshi, na moto wa mekoni ndio taa. Ziara yangu ya kwanza niliharibu picha zote za ndani kwa kutumia flashi: moshi ukageuka ukungu mweupe, moto ukafa, uso wa mpishi ukawa kama karatasi. Sasa naizima kabisa kabla ya kuingia. Natumia lenzi yenye tundu pana la f/1.8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kati ya 1600 na 3200, kasi ya 1/60 ya sekunde, nasimama upande wa mlango ili mwanga wa nje uingie ubavuni mwa mtu. Mwenye simu agonge usoni kwa mtu kwenye kioo, ashikilie, kisha ashushe mwanga kidogo mpaka miali ya moto ipate umbo. Chembechembe zitakuwepo. Ziache.

Sturbridge ina rehema zaidi. Nyumba nyingi zina madirisha makubwa zaidi, na jiko la shamba la Freeman linakupa dirisha na moto kwa pamoja, yaani mwanga baridi upande mmoja na wa joto upande mwingine. Nimepata pale picha ya mwanamke akikanda unga, nusu ya uso buluu na nusu dhahabu, bila kugusa chochote kwenye kompyuta baadaye. Tatizo la Sturbridge liko nje: lile jengo jeupe la ibada saa sita mchana hupoteza mbao zake zote likawa doa tupu. Punguza mwanga kwa hatua moja, au rudi jua likiwa chini.

Kwa maji, Sturbridge haina mpinzani. Mto Quinebaug unapita hapo, na mashine zinapofanya kazi, kasi ya 1/8 ikiwa umeiegemeza kamera kwenye ukingo wa mbao hugeuza maji kuwa hariri huku mbao zikibaki kali. Msumeno wa kupanda na kushuka unataka kasi mbili: 1/500 kuyaona meno yake, 1/30 kuiona nguvu yake. Mashine hazizunguki siku nzima, kwa hiyo uliza getini saa za maonyesho ukiingia tu. Kwa anga, Iowa ndiyo yenyewe. Uwanda uko wazi, mawingu ya kiangazi yanajengeka alasiri kama milima, na mkulima na farasi wake wanakuwa wadogo chini yake. Angalizo moja ni kwamba barabara kuu ya magari iko jirani. Sauti haingii kwenye picha, lakini chunguza ukingo wa fremu kabla ya kubonyeza.

Kitambaa cha merikani

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo msomaji wa Kiswahili analo na mtalii mwingine hana. Neno letu merikani, kile kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, limetoka Marekani, na hasa limetoka upande huu wa New England. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakifika Unguja tangu miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja. Meli zilileta kitambaa. Zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi ya kutengenezea vanishi, na karafuu. Kitambaa hicho kilipanda na misafara mpaka Unyamwezi kikawa kama fedha. Pembe zikaishia Connecticut, jimbo la jirani na Sturbridge, zikawa vitana na vibonyezo vya piano.

Sasa simama ndani ya duka la Asa Knight ukitazama vitambaa kwenye rafu, ukijua kwamba hii ndiyo miaka yenyewe, ya 1830. Wasichana wengi waliofuma kwenye viwanda vya Massachusetts walitoka kwenye mashamba kama lile la Freeman, dakika tano kwa miguu kutoka hapo. Na pamba waliyoifuma ilichumwa na watumwa weusi wa majimbo ya kusini. Massachusetts yenyewe ilikuwa imeshauacha utumwa tangu miaka ya 1780, lakini viwanda vyake vilikula pamba hiyo kila siku. Nilimweleza mhudumu wa duka kwamba kwetu kitambaa kile kina jina la nchi yake. Aliacha kukunja, akaniomba nilitamke tena neno hilo, polepole. Nilipiga picha ya mkono wake juu ya kitambaa, na hiyo ndiyo picha yangu ya Sturbridge ninayoipenda kuliko zote.

Iowa haikupi uzi wa namna hiyo unaorudi moja kwa moja pwani. Inakupa undugu wa kazi: kupukuchua, kupalilia, kukamua, kuhifadhi mahindi kwenye kihenge chenye mianya ya hewa. Des Moines ina familia nyingi za Kongo na Burundi, na nimewaona wazee wao wakitembea kwenye lile shamba la 1850 wakiwaeleza wajukuu mambo ambayo wajukuu hawakuwahi kuwaamini wakisimulia nyumbani. Kama unampeleka mzazi, sina la kufikiria mara mbili, mpeleke Iowa.

Kumpiga picha mtu

Sisi tunajua inavyokuwa mgeni anapokuelekezea kamera bila salamu. Mama mwenye buibui pale Mkunazini anajua, na mzee wa Kimasai kando ya barabara ya Arusha anajua pia. Usilifanye hilo ukiwa wewe ndiye mgeni. Wahudumu wa Iowa na wa Sturbridge wamezoea kupigwa picha, tena wanazungumza nawe kama watu wa leo wanaoeleza ya jana, kwa hiyo kuuliza ni rahisi. Mimi husalimia, huuliza kuhusu kazi, husikiliza jibu, ndipo naomba. Tofauti ya uso wa mtu kabla na baada ya dakika tatu za mazungumzo hakuna lenzi inayoweza kuinunua. Watoto wa wageni wengine waache nje ya fremu. Na ukitaka kupiga za harusi au za kuuza, andikia ofisi mapema.

Msimu na mfuko

Iowa hufunguliwa kwa ziara za kawaida kuanzia Mei hadi katikati ya Oktoba. Julai kuna joto la kulowanisha shati na mbu wa kutosha. Mimi napenda Septemba, mahindi yakiwa yameanza kukauka na jua likiwa limeshuka. Sturbridge hupokea wageni hata wakati wa baridi, ingawa kwa siku chache zaidi za wiki. Machi wanachemsha utomvu wa miti ya mepo kupata sukari, na mvuke ule kwenye hewa baridi ni zawadi kwa mwenye kamera. Katikati ya Oktoba majani yanawaka rangi, na watu wanajaa vilevile. Anayetaka theluji hana pa kwenda ila Sturbridge.

Kiingilio cha Sturbridge ni kikubwa zaidi, na hoteli za New England wakati wa majani hazina huruma. Kutoka Boston ni mwendo wa kama saa moja kwa gari. Living History Farms iko robo saa hivi kutoka katikati ya Des Moines, na chakula na malazi ni nafuu. Wakatoliki wana sababu ya ziada ya kwenda Iowa: tarehe 4 Oktoba 1979 Papa Yohane Paulo II aliadhimisha misa kwenye uwanda ule mbele ya watu zaidi ya 300,000, na kanisa dogo lililojengwa kwa kumbukumbu hiyo lipo.

Mwenye kuishi Indiana au Ohio asisafiri mbali kabla hajaiona Conner Prairie, mji wa Fishers, karibu na Indianapolis. Sehemu yake ya Prairietown ni ya mwaka 1836, na wahudumu hapo huigiza kabisa: ukimwuliza kuhusu simu, hajui unasema nini. Watoto wanaokijua Kiingereza hufurahi sana. Kwa mzazi asiyekijua ni shida, kwa sababu mchezo wote uko kwenye maneno.

Kama umeamua Iowa, anza na shamba la 1700 geti likifunguliwa, uupe mji wa 1875 saa za jua kali kwa kuwa una vivuli na ndani za kupigia, kisha lirudie shamba la 1850 mwishoni mwa siku, vivuli vya uzio ule wa zigizaga vinapoanza kurefuka kwenye nyasi. Muulize dereva saa ya tela la mwisho.